Sababu ya Kuachishwa Kazi

Mazungumzo ya leo ya redio, hapa Juba, yanahusu ajira, na katika ajira yanashika swali moja tu, ambalo litarudiwa mara kwa mara ili lisimpotee mtu: mwajiri anapomwachisha mfanyakazi kazi, je, anapaswa kutoa sababu, na sababu hiyo ipimwe na nani?

Kiswahili kina misemo ya kutosha kwa tukio hili. Nairobi husema mtu amepigwa kalamu, na Dar es Salaam husema kibarua chake kimeota nyasi. Msikilizaji akiichunguza misemo hiyo ataona kwamba yote miwili imemficha mtendaji, kwani katika wa kwanza aliyeishika kalamu hatajwi, na katika wa pili nyasi zimeota zenyewe kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeamua. Sheria ya kazi, pamoja na chama cha wafanyakazi, hufanya kazi iliyo kinyume cha misemo hiyo, yaani humrudisha mtendaji mbele ya watu na kumtaka aeleze.

Ni vizuri kuanza na maana ya maneno. Katika taaluma ya sheria ipo aina ya ajira ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa ajira ya hiari, yaani ajira ambamo kila upande una uhuru wa kuuvunja uhusiano wakati wowote, bila kueleza sababu na mara nyingi bila hata notisi, ambayo ni taarifa ya mapema ya kuvunja mkataba. Anayeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kuiona kuwa ya haki, kwa kuwa mfanyakazi huondoka atakapo na mwajiri naye humwondoa atakapo. Lakini je, pande hizo mbili zina uzito sawa? Mwajiri mwenye watu 40 akimpoteza mmoja hubaki na 39, na kesho yake hupata foleni ya waombaji getini, ilhali mfanyakazi aliyepoteza kazi yake moja hubaki na kodi ya nyumba, ada ya watoto na jamaa wa kijijini wanaosubiri simu yake.

Nchi ambamo ajira ya hiari imeota mizizi zaidi ni Marekani. Mwaka 1877 mwanasheria Horace Wood alichapisha kitabu kuhusu uhusiano wa bwana na mtumishi, akaandika humo kwamba ajira isiyotajwa muda ni ajira ya hiari, na ingawa wanazuoni wa baadaye walitilia shaka ushahidi aliouegemea, mahakama za majimbo ziliupokea msimamo huo moja baada ya nyingine. Hadi leo ndio msingi wa kawaida katika majimbo ya nchi hiyo isipokuwa Montana, ambayo mwaka 1987 ilitunga sheria inayodai sababu nzuri baada ya muda wa majaribio kupita. Zipo sheria zinazokataza kumfukuza mtu kwa rangi, jinsia, dini au kwa kujiunga na chama, lakini nje ya makatazo ya namna hiyo mwajiri kwa kawaida hana wajibu wa kueleza lolote. Mfanyakazi wa kawaida wa huko anayetaka zaidi ya hapo huupata hasa katika mkataba ambao chama chake kimefunga na mwajiri, kwa maana karibu kila mkataba wa namna hiyo huwa na kifungu kinachosema kwamba mtu hataachishwa kazi ila kwa sababu ya haki, na kwamba ubishi ukitokea utapelekwa kwa mwamuzi asiye wa upande wowote.

Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine, na jambo hili linastahili kuelezwa polepole kwa sababu wafanyakazi wengi hawalijui. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na mambo mawili kwa pamoja, yaani sababu halali na utaratibu wa haki, na inamwekea yeye mzigo wa kuthibitisha. Maana yake ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuonyesha kuwa alionewa, bali mwajiri ndiye anayelazimika kuonyesha kuwa hakuonea. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kushindwa kazi amweleze kwanza sababu hiyo, kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, naye awe na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Uganda, ambayo pamoja na Kongo ya Kinshasa iliridhia Mkataba wa 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 kuhusu kuachishwa kazi, nayo inadai mfanyakazi asikilizwe kabla ya uamuzi.

Lugha ambayo mfanyakazi anaielewa: maneno hayo machache ya sheria ya Kenya yangefaa kubandikwa kwenye kila geti la Juba. Mji huu una watu wanaozungumza Kiarabu cha Juba nyumbani, Kibari au Kidinka au Kinuer kwa wazee, Kiswahili walichokipata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma au kwa wafanyabiashara wa Kampala na Nairobi, na bado mkataba wa kazi na barua ya kuachishwa huja kwa Kiingereza, lugha ambayo mpokeaji mara nyingi humtafuta kijana wa jirani amsomee.

Je, Sudan Kusini yenyewe inasimama wapi? Kwenye karatasi haisimami vibaya. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inatambua haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na kujiunga navyo, Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ilipatikana mwaka 2013, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 ina masharti kuhusu mikataba, notisi na malalamiko. Nchi ilijiunga na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2012 na mwaka huohuo ikaridhia Mkataba wa 98, ambao miongoni mwa mambo yake unamkinga mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu ya kuwa mwanachama wa chama. Ajira ya hiari, basi, haikutangazwa na mtu yeyote kuwa ndiyo desturi ya nchi. Imeingia kwa mlango wa nyuma, na mlango huo unaitwa mkataba mfupi.

Chukulia mlinzi wa geti katika mojawapo ya nyua za ofisi zilizoko mtaa wa Hai Mauna. Kazi yake ni kuandika namba za magari katika daftari lililochakaa pembeni, kulifungulia geti lori la maji linapokuja kujaza tangi, na kuwasha jenereta giza linapoingia. Mkataba wake una kurasa mbili na umehifadhiwa pamoja na kitambulisho chake cha uraia ndani ya bahasha ya plastiki, kwa kuwa mvua za Juba hazichagui karatasi. Muda uliotajwa ndani yake ni miezi mitatu, naye ameusaini mara 11, kila mara tarehe zikibadilishwa na mengine yote yakibaki yalivyokuwa, hivi kwamba amefanya kazi kwa karibu miaka mitatu bila hata siku moja kuwa mfanyakazi wa zaidi ya miezi mitatu. Mara ya 12 karatasi haiji. Hapo hapana aliyemfukuza, hapana aliyemwita ofisini, na hapana sababu iliyotolewa, kwani mkataba umeisha tu. Na akiuliza huambiwa, kwa upole mwingi, kwamba mradi umefika mwisho au kwamba mfadhili hajajibu.

Sheria ya Tanzania iliyotajwa punde iliona ujanja wa namna hii, ikaweka kwamba kutouhuisha mkataba wa muda maalumu, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuhuishwa, kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na kwa hiyo swali la sababu linarudi palepale. Mtu aliyesaini mara 11 ana cha kutarajia. Kipengele hicho kidogo kina faida kubwa kwa mlinzi kuliko hotuba nyingi za Mei Mosi.

Ni lazima kusema kwa haki kwamba si kila mkataba mfupi ni hila. Mashirika mengi ya misaada ya Juba huishi kwa fedha za mwaka mmoja au za miezi michache, na mwenye shirika mwenyewe anaweza kuamka na kukuta kwamba hana kitu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi mwaka huo shirika lake la USAID likawa limefungwa rasmi, na programu nyingi zilizotegemea fedha hizo Sudan Kusini zikapunguzwa au zikakoma. Aliyeachishwa kwa sababu hiyo hakuonewa na meneja wake. Lakini hapo ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba fedha zikiisha hapana tena haki ya kuzungumziwa. Kupunguzwa kazini, ambako Tanzania watu hukuita ridandansi, kuna utaratibu wake: nani aondoke na kwa kigezo gani, alipwe nini, na nani ashauriwe kabla. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri akitaarifu chama si chini ya mwezi mmoja kabla, azingatie ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu katika kuchagua, kisha alipe kwa kila mwaka uliotimia malipo yasiyopungua ya siku 15. Sababu ipo, lakini bado inapimwa.

Kwamba utaratibu huo si pambo, historia ya nchi hii yenyewe inatosha kuonyesha. Nzara, karibu na Yambio, palijengwa kiwanda cha pamba chini ya mpango wa maendeleo wa Wazande ulioanzishwa na Waingereza miaka ya 1940, na kufikia mwaka 1955, Sudan ilipokuwa inaelekea uhuru, uongozi ulikuwa umekwenda kwa watu wa kaskazini kama ulivyokwenda katika ofisi nyingi za kusini. Julai mwaka huo wafanyakazi wapatao 300 wa kusini waliachishwa kwa mkupuo. Hapakuwa na chombo ambacho wangepitia kuuliza kwa nini wao, kwa nini sasa, na wengine walioajiriwa wanabaki kwa kigezo gani. Tarehe 26 Julai watu waliandamana, risasi zikafyatuliwa, na waandamanaji wakauawa. Majuma matatu baadaye, tarehe 18 Agosti, askari wa kusini katika mji wa Torit waliasi. Uasi wa Torit ulikuwa na sababu nyingi na ingekuwa kosa kuutundika wote kwenye barua za kiwanda kimoja. Hata hivyo hakuna mwanahistoria wa kipindi hicho anayeiruka Nzara. Watu 300 walioachishwa bila pa kuuliza waliuliza barabarani.

Mfano wa karibu zaidi uliwagusa Waafrika Mashariki wenyewe. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ya Sudan Kusini ilitoa waraka uliozitaka kampuni, benki, hoteli na mashirika kuwaondoa wageni katika kazi kadhaa, kuanzia wakurugenzi watendaji na maofisa wa utumishi hadi makatibu na wapokezi wa mezani, kufikia katikati ya Oktoba. Wakenya na Waganda waliokuwa nyuma ya meza hizo walipata notisi kupitia vyombo vya habari. Siku chache baadaye, baada ya kelele nyingi, serikali ililegeza kauli yake. Hoja ya kuwapa wananchi kazi za nchi yao si hoja ya kubezwa, hasa katika nchi yenye vijana wengi wasio na kazi, na Sudan Kusini ilikuwa bado haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo lililotokea mwaka 2016. Tatizo la waraka ule lilikuwa kwamba ulimpima mtu kwa pasipoti yake bila kuuliza amefanya nini, na kwamba Msudan Kusini aliyeshangilia hakujiuliza kama yeye mwenyewe, siku yake ikifika, angepewa sababu iliyo bora zaidi.

Pengine mazoea ya mji huu nayo yamechangia. Wakazi wa Juba wamezoea kumsikia msomaji wa runinga ya taifa akisoma usiku amri za Rais za kuteua na kuondoa, waziri akizipokea sebuleni kwake saa ileile jirani yake anapozipokea. Julai 2013 baraza zima la mawaziri, pamoja na makamu wa Rais, liliondolewa kwa njia hiyo. Waziri, bila shaka, si mfanyakazi kwa maana ya sheria ya kazi, kwa kuwa hushika nafasi kwa ridhaa ya aliyemteua na alilijua hilo alipokula kiapo. Lakini kinachofanyika juu huigwa chini, na mkuu wa karakana au mwenye hoteli anayewatazama wakubwa wakiondolewa bila neno huona si ajabu kumwondoa mpishi wake kwa njia hiyohiyo. Mpishi hakula kiapo.

Sasa chama cha wafanyakazi kinaingia wapi? Wengi wakisikia neno chama hufikiri mgomo na nyongeza ya mshahara, na hayo yamo, lakini kinga kubwa zaidi ambayo chama humpa mtu ni ndogo kuitazama: ni mtu wa kukaa naye upande mmoja wa meza. Aliyeitwa peke yake mbele ya meneja, ofisa utumishi na mhasibu, huku barua imekwisha kupigwa chapa, husaini ili atoke chumbani. Akiwa na mwakilishi wa tawi, barua husomwa kwa sauti na kufasiriwa, tarehe hukaguliwa, na swali lilelile la mwanzo huulizwa: sababu ni ipi, na ushahidi uko wapi? Mara nyingi hapo jambo hugeuka kuwa onyo badala ya kufukuzwa. Juu ya hilo chama hufunga na mwajiri mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi yanayowahusu wafanyakazi wote wa mahali pale, ambamo ngazi za nidhamu, notisi na malipo ya mwisho hupangwa mapema wakati hakuna aliyekasirika.

Chama nacho si malaika. Kipo chama kinachomtetea mzembe kwa bidii kuliko mchapakazi, na kipo kinachokata ada kila mwezi na kuonekana mara moja kwa mwaka. Kipo pia kilichogeuzwa idara ya serikali, na hapa historia ya Tanzania ina fumbo lake, kwa kuwa mwaka 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere ililivunja shirikisho huru la vyama na kuweka chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya mkono wake, na mwaka huohuo ikatunga Sheria ya Usalama wa Kazi iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kiholela na kuzipa kamati za wafanyakazi nafasi ya kushauriwa. Mfanyakazi alinyang'anywa sauti na akapewa kinga kwa mkono mmoja. Sudan ilitembea njia chungu zaidi: wafanyakazi wa reli wa Atbara walijijengea chama miaka ya 1946 na 1947 hadi sheria ya vyama ya mwaka 1948 ikawatambua, lakini mapinduzi ya Juni 1989 yakavivunja vyama vyote. Kusini, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, kulikuwa vitani. Ndiyo maana Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Sudan Kusini lilizaliwa bila mashina imara ya kurithi, na wanachama wake wengi wako serikalini, ambako taabu ni ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa huko mtu hafukuzwi bali mshahara ndio hauji, na kazi isiyolipwa miezi kadhaa haihitaji barua ya kuivunja.

Wanaobaki nje ya shirikisho ni haohao wanaohitaji zaidi mtu wa kukaa naye: walinzi wa mageti, wapishi, wafagiaji, wapokezi wa hoteli, madereva. Kila mmoja yuko uani kwake na mkataba wake wa miezi mitatu, akiamini kwamba akitaja chama karatasi ya mara ijayo haitakuja. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wakaguzi wa kazi ni wachache na kesi huchukua muda. Lakini Mkataba wa 98 umekwisha kuridhiwa, na mlinzi anayekatiwa mkataba kwa kujiunga na chama ana hoja ambayo mwenzake wa Marekani wa mwaka 1877 hakuwa nayo.

Muda umekwisha, wasikilizaji wapenzi. Ombi la jioni hii kwa kila aliyeajiriwa ni dogo. Bahasha ya plastiki itolewe ilikohifadhiwa, mkataba ufunguliwe mbele ya mtu anayejua kusoma Kiingereza, na kitafutwe kile kifungu kinachoeleza namna mkataba unavyovunjwa, ionekane kama neno sababu limeandikwa humo. Kama halimo, liulizwe kabla ya sahihi inayofuata, na liulizwe na wawili au watatu pamoja. Usiku mwema.